Maji ya Bakuli na Upepo wa Kimbunga

Aliyesafiri kwa barabara kutoka Kampala kwenda Masaka ameuona pale Kayabwe mviringo mweupe unaoonyesha mstari wa Ikweta. Hapo wasafiri huonyeshwa mabakuli yenye tundu chini. Kaskazini ya mstari maji hushuka yakizunguka upande mmoja, kusini upande mwingine, na juu ya mstari hushuka bila kuzunguka. Watoto hushangilia, na baba hutoa pesa.

Kinachoyazungusha maji yale ni mkono wa anayeyamimina, wala si Dunia. Mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wanafunzi kinyume cha hayo, na sasa naona haya. Mwaka 1962 Profesa Ascher Shapiro wa Marekani ilimbidi ayaache maji yatulie saa 24 ndani ya beseni lenye upana wa karibu mita 2, ndipo akaiona athari ya Dunia.

Hata hivyo athari yenyewe ni kweli. Kwenye Ikweta ardhi huenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye latitudo 60 kasi hiyo ni nusu tu. Hewa itokayo Ikweta kwenda kaskazini huja na kasi ya kwao, ikaitangulia ardhi iliyo chini yake, ikapinda kulia. Iendayo kusini hupinda kushoto. Mfaransa Gaspard Coriolis aliyaeleza hayo kwa hesabu mwaka 1835, na wapiga mizinga ya masafa marefu huyazingatia walengapo shabaha.

Katika kimbunga, hewa hukimbilia katikati kutoka pande zote, lakini kwa kuwa inapindishwa njiani, huishia kupazunguka mahali hapo. Kaskazini mwa Ikweta huzunguka kinyume cha akrabu za saa, kusini huzifuata. Ndivyo kilivyozunguka kimbunga Idai kilichoipiga Beira Machi 2019, kikaua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Karibu na Ikweta nguvu hiyo hufifia, na ni nadra kimbunga kuzaliwa chini ya digrii 5. Vamei, kilichotokea karibu na Singapore Desemba 2001, kilizaliwa kwenye digrii 1 na nusu, nao wataalamu walistaajabu.

Kwa hiyo Uganda, iliyo pia mbali na bahari, haivijui vimbunga. Lakini upepo ung'oao mabati ya nyumba zetu hutoka katika dhoruba za ngurumo, ambazo ni ndogo na hupita upesi mno kuweza kuzungushwa na Dunia. Hizo hulelewa na joto na unyevu wa papa hapa, na Ikweta haizizuii.