Utangulizi: Askari, Raia na Kitabu cha Matukio

Ikiwa umewahi kupita soko la Gakoromone mjini Meru wakati limejaa, ndizi na viazi na mitumba vikigombania nafasi na boda boda, basi umeshaliona somo letu likitembea kwa miguu. Askari wawili wako doria. Mmoja ana bunduki begani, mwenziwe ana rungu. Muuza nyanya anawasalimia, "Habari ya kazi, afande," kisha anawafuata kwa macho mpaka wapotelee. Kijana wa boda anakumbuka ghafla kwamba hana helmeti ya abiria. Kwa kitambo hicho kifupi kuna heshima, kuna hofu, kuna tumaini kwamba wezi watapungua, na kuna hesabu ya haraka ya pesa zilizo mfukoni. Askari nao wanapiga hesabu yao: nani ameficha mikono, njia ya kutokea iko wapi, na umati huu ukigeuka tutakimbilia wapi ikiwa wawili tu ndio tuliotumwa.

Taaluma ya polisi na jamii ninayokukaribisha huchunguza hesabu hizo mbili kwa pamoja. Nimewaandikia wanafunzi wa sheria na jamii, wanahabari wa redio za mashinani, wazazi walio na watoto katika kikosi, na askari wenyewe. Askari unayesoma hapa, hukualikwa kama mshtakiwa. Na wewe uliyempoteza ndugu mikononi mwa polisi, hutaambiwa usahau.

Kenya tumezoea kugawanyika. Kuna wanaohesabu polisi waliouawa na kuna wanaohesabu raia waliouawa na polisi, na kila upande huona hesabu ya mwenzake kama kisingizio. Msimamo wangu ni kwamba hatari inayomkabili askari na uwajibikaji anaodaiwa ni swali moja. Askari analindwa kwanza na watu wanaomwambia ukweli: nani ana bunduki haramu, njia gani imetegwa, kijana gani amepotea. Watu humwambia ukweli yule wanayeamini kwamba naye ataulizwa akikosea. Imani hiyo ikivunjika, raia hufa, na askari naye huingia gizani bila habari.

Watangulizi wa fani hii waliligusa jambo hilo mapema. William Westley, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1953 kuhusu polisi wa mji mmoja wa viwanda Marekani, aliona jinsi askari wanaouhesabu umma kuwa adui wanavyohalalisha nguvu na kufunikiana siri. Jerome Skolnick, mwaka 1966, alieleza kwamba hatari ikichanganyika na mamlaka humfunza askari kusoma watu kwa dalili: mwendo, mavazi, mahali, saa. Egon Bittner naye, mwaka 1970, alisema kiini cha kazi ya polisi ni uwezo wa kutumia nguvu pale jambo lisipoweza kusubiri. Wasome wote watatu. Lakini waliandika kuhusu polisi waliozaliwa ndani ya miji yao wenyewe. Wetu walizaliwa kwa njia nyingine, na hapo ndipo mwanafunzi wa Meru na Embu ana la kuongeza.

Kabla ya serikali ya kikoloni, ulinzi wa nchi ya Ameru ulikuwa wa vijana wa rika la mashujaa waliolala katika gaaru, nyumba yao ya pamoja, na hukumu ilikuwa ya wazee, juu yao wote likiwa baraza la Njuri Ncheke. Sitaki uipambe enzi hiyo. Wanawake na maskini hawakuwa na sauti sawa mbele ya wazee. Ila mlinzi alijulikana ni mtoto wa nani, na akikosea wazee walijua mlango wa kubisha. Kisha Waingereza wakaipiga Embu kwa silaha mwaka 1906, wakaweka kituo chao Meru mwaka 1908, na askari akawa mtu wa kukusanya kodi ya kibanda na kuwapeleka watu kazi za lazima. Jina la Polisi wa Kenya lilitoka mwaka 1920. Polisi wa Kikabila, waliokuwa mkono wa machifu na wakuu wa wilaya, waliundwa kwa sheria ya mwaka 1929, wakageuzwa Polisi wa Utawala mwaka 1958.

Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliacha alama nzito zaidi huku kwetu. Meru na Embu ziliingizwa katika vita vya Mau Mau, watu wakahamishiwa vijijini kwa nguvu, na walinzi wa nyumbani wakapewa bunduki dhidi ya majirani zao. Kutoka msitu wa Mlima Kenya alikuja Musa Mwariama, aliyetokeza na wapiganaji wake uhuru ulipofika mwaka 1963. Kuna familia ambazo babu mmoja alikuwa msituni na mwingine akilinda kambi, na wajukuu wao leo wanavaa sare moja. Uhuru ulibadilisha bendera juu ya vituo. Amri ziliendelea kushuka kutoka juu kwa mtindo uleule, na askari aliendelea kuulizwa kama ametii kuliko kama ametenda haki.

Tuje kwenye hatari yenyewe, maana wasomi wa haki za binadamu mara nyingi huipita mbio. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa walipovamiwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa vijana waliotoka chuoni muda mfupi kabla. Miaka miwili baadaye wengine waliuawa Kapedo. Huko Garissa, Mandera, Wajir na Lamu, mabomu ya kutegwa barabarani ya al-Shabaab yameyalipua magari ya polisi mara kwa mara. Kuanzia Juni 2024 polisi wa Kenya walitumwa hadi Haiti, na baadhi yao wakarudishwa ndani ya majeneza.

Lakini hatari haikai mpakani tu. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilichunguza maslahi ya polisi na kuwasilisha ripoti yake Novemba 2023, na liliyoyakuta wake na waume za polisi walikuwa wakiyajua siku zote: mishahara duni, makazi mabovu, uhamisho na vyeo vinavyotafutwa kwa hongo, msongo wa mawazo usiotibiwa. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2018 yaliyowapa posho ya nyumba ili wakapange uraiani, kulikuwa na familia mbili zilizogawana chumba kimoja kwa pazia. Mtoto wa askari mmoja akikohoa, wa pili anaamka. Mtu anayelala hivyo, akabeba maiti ya mwenzake bila kupata wa kuzungumza naye, kisha akakabidhiwa bunduki na umati wa vijana wenye hasira, ameshawekwa hatarini na mwajiri wake kabla jiwe la kwanza halijarushwa. Kulisema hili hakumpunguzii lawama akiua. Kunatuonyesha mlango mwingine wa kubisha.

Sasa nikuonyeshe kifaa kimoja ambacho ni moyo wa somo hili: kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Kila kituo kinacho. Ni daftari kubwa mezani pa ripoti, na kila ingizo lina nambari, tarehe, saa na maelezo kwa mkono wa askari wa zamu. Ukiripoti wizi wa pikipiki unapewa nambari yako, mathalani 17/03/08, yaani ingizo la 17 la tarehe 3 Agosti, na nambari hiyo huiuzi wala huinunui. Mshukiwa akiingizwa seli inaandikwa saa aliyoingia, vitu alivyovuliwa, na hali ya mwili wake. Bunduki zikitolewa ghalani zina daftari lake. Ukijua kusoma madaftari haya, na hasa kusoma pengo lililopo kati ya ingizo na ingizo, umeshapata nusu ya elimu ya fani hii.

Fikiria Kianjokoma, kaunti ya Embu. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, wakati wa kafyu ya korona, ndugu wawili, vijana wa miaka 22 na 19, walikamatwa kituoni pa biashara. Familia iliwatafuta, na baada ya siku mbili ikawakuta katika chumba cha maiti mjini Embu. Polisi walisema vijana hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu, na wazazi hawakuamini maelezo yale hata kwa saa moja. Wananchi waliandamana, na katika maandamano hayo mtu mwingine akapigwa risasi akafa. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaagiza polisi sita washtakiwe kwa mauaji. Mwanafunzi asikimbilie hukumu. Aanze na karatasi. Waliokamatwa waliandikwa wapi? Saa ngapi gari lilitoka, na nani alilisaini? Familia ya askari aliyekufa Suguta iliuliza maswali ya ukoo huohuo: nani aliwatuma watoto wetu bondeni, na alikuwa na habari gani mezani?

Sheria tunayo. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Ripoti ya Jaji Philip Ransley ya mwaka 2009 ikachora mageuzi, Katiba ya 2010 ikayapa msingi, na mwaka 2011 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi na ile ya IPOA. Jedwali la Sita la sheria ya polisi linamtaka askari atumie njia zisizo za nguvu kwanza, na nguvu yake ikileta kifo au jeraha baya, IPOA iarifiwe mara moja. Wengi hawajui kwamba askari pia anaweza kupeleka malalamiko IPOA, dhidi ya mkubwa wake. Ofisi ya kanda iko hapa mjini Meru. Jambo gumu ni kwamba malalamiko yamefika maelfu na hukumu ni chache, kwa sababu ushahidi mwingi uko mikononi mwa kituo kinachochunguzwa, na mashahidi wanaogopa. Hofu yao ina msingi. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake, mwendesha boda boda aliyekuwa amemshtaki askari IPOA, na dereva wa teksi aliyewabeba. Polisi watatu na mpasha habari wao walihukumiwa Februari 2023, karibu miaka saba baadaye.

Maandamano ya Juni 2024 na yale ya 2025 yaliufanya mjadala huu uwe wa kila meza ya chakula. Mwalimu kijana Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi Nairobi, Juni 2025, umma uliambiwa alijigonga ukutani. Daktari wa serikali akakuta dalili za kupigwa na kukabwa shingo, Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti, na ikabainika kwamba kamera za kituo zilikuwa zimevurugwa. Wiki chache baadaye vituo vya polisi vilichomwa, na viongozi wa juu wakatamka hadharani kuhusu kuwapiga watu risasi. Tazama mfuatano huo kwa makini. Uongo mmoja kuhusu kifo cha mtu mmoja uliwaacha wazi maaskari wa vituo ambavyo Ojwang hakuwahi kuvikanyaga, wakiwemo waliokuwa wakifanya kazi yao kwa uaminifu.

Ukianza utafiti, anza karibu. Keti katika Mahakama Kuu ya Meru. Vikao ni vya wazi, na utajifunza mengi kwa kusikiliza jinsi askari anavyohojiwa kuhusu saa na saini. Soma hukumu nzima, usiishie kwenye kichwa cha habari. Zungumza na polisi wastaafu, wanaongea kwa uhuru na uchungu. Usimtaje shahidi, hata kwa kuficha nusu ya jina lake. Sokoni watu huijaza nusu iliyobaki.

Na kuna kazi ambayo inasubiri mikono yako. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, ili kifo chochote cha kutatanisha kichunguzwe na afisa asiyekuwa polisi. Sheria hiyo imekaa miaka bila ofisi yenyewe kusimama. Ingeihudumia familia ya Kianjokoma, na ingemhudumia mjane wa askari aliyeambiwa tu kwamba mumewe "alianguka kazini" bila kuelezwa vipi. Sijaona bado kitabu cha Kiswahili kinachoziweka familia hizo mbili katika sura moja, na ningependa sana kukisoma.