Tanga hadi Jeddah: Mji Mmoja wa Kaskazini, Njia Nyingi

Anayesimama kuswali katika misikiti ya Ngamiani au Chumbageni huelekea kaskazini, na mchepuko wake kwenda mashariki haufiki hata nyuzi mbili. Tanga na Jeddah zimo karibu katika mstari mmoja wa longitudo, ule wa 39, na Makka iko mashariki yake kidogo tu. Kwa mruko ulionyooka, kutoka kwetu hadi Jeddah ni kilomita 2,950 hivi. Hata saa hazihitaji kurekebishwa, kwani Saudia na Afrika Mashariki hutumia wakati mmoja.

Lakini ndege ya moja kwa moja kutoka Tanga hakuna. Hujaji wetu huanza kwa kuipa Kaaba mgongo: hupanda basi kuelekea kusini, kupitia Segera na Chalinze, kilomita zipatazo 350, kwa saa tano, sita au zaidi. (Ruhusa ya kupunguza sala huanza basi likishavuka majengo ya mwisho ya mji, wala haingoji uwanja wa ndege.) Kutoka Dar es Salaam, ndege isiyotua njiani hukata takriban kilomita 3,150 kwa saa nne na ushei. Naam, basi hukawia kuliko ndege! Tena rubani akinyoosha njia, dakika ishirini hivi baada ya kuruka hupita karibu na anga ya mji alioutoka abiria alfajiri.

Hesabu hugeuka tiketi inapopitia Dubai. Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, na Dubai hadi Jeddah 1,700 nyingine, mbali na saa za kungoja uwanjani. Vijana wanaotujia kwenye kamati ya msikiti na safari za wazazi wao huulizia bei kwanza, na si ajabu, maisha ni magumu. Hata hivyo, kungoja saa kumi kwenye viti vya chuma si unafuu kwa mama wa miaka sabini mwenye kisukari. Ni afadhali ndugu wachangiane tofauti ya nauli. Ikishindikana, insulini yake isiwekwe katika mizigo ya chini, huweza kuganda, aishike mkononi.

Njia ikibadilika, mikati nayo hubadilika. Apitiaye Dubai hukabili Qarn al-Manazil. Atokaye kusini moja kwa moja, kwa kawaida, Yalamlam. Ndege huvuka hapo kwa dakika chache mno, hivyo nguo za ihramu zivaliwe kabla ya kupanda, na nia ifuate tangazo la rubani au itangulie kidogo. Kusubiri hadi Jeddah hakufai kwa mujibu wa jamhuri ya wanavyuoni. Wanaotangulia Madina wao hawana ihramu ndani ya ndege. Hunuia Dhul-Hulaifa, siku watakayotoka kwenda Makka.