Pikapu Mpya ya Kukodi Ikiharibika, Tusinyamaze

Usafiri ni shida ya siku nyingi kwetu sisi wakulima. Nyanya zikiiva hazisubiri. Ufuta ukikaa shambani mvua inaukuta. Ndiyo maana vikundi vya wakulima huona heri kuwa na gari lao.

Lakini kununua gari jipya kwa fedha taslimu ni mzigo mkubwa. Ipo njia nyingine. Kampuni ya fedha hununua gari, halafu kikundi hulikodi na kulilipia kidogo kidogo kila mwezi. Watu wa benki huuita mpango huu karadha. Mwisho wa malipo, kama mkataba unasema hivyo, gari huwa mali ya kikundi.

Mpango huu ni mzuri. Sasa je, gari jipya likianza kuharibika mwezi wa kwanza, tufanye nini? Leo tutaeleza jambo hilo.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme wako wakulima 16 wa Ulaya. Hatusemi Ulaya ya ng'ambo. Tunasema Ulaya yetu hii, katika njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Wamekodi pikapu mpya, hata plastiki za viti hazijatolewa. Malipo ya kwanza ni shilingi 5,000,000. Baada ya hapo watalipa shilingi 800,000 kila mwezi kwa miezi 36. Yaani kila mwanachama anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza injini inachemka. Fundi wa muuzaji anabadilisha mpira wa rejeta. Baada ya wiki mbili inachemka tena. Fundi anabadilisha kitu kingine. Mara ya tatu pikapu inazimika jioni, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ikipeleka nyanya Morogoro. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi. Tembo na nyati huvuka hapo. Dereva na wenzake hawawezi kushuka ovyo. Wanakesha ndani ya gari. Asubuhi nyanya zimelainika.

Hapo hasara si ya hela tu. Ni hatari ya maisha.

Kikundi kinakutana, na maneno yanakuwa mengi. Mmoja anasema, "Tusilipe tena mpaka watupe gari zima." Wa pili anasema, "Tumwite fundi wetu hapa hapa, tumalize mambo." Wa tatu anasema, "Ndiyo bahati yetu, tuvumilie."

Ndugu msomaji, wote watatu wana uchungu wa kweli. Lakini wote watatu wanaweza kukiponza kikundi. Hebu tuone kwa nini.

WAHUSIKA NI WATATU

Ukinunua jembe dukani, mko wawili: wewe na mwenye duka. Katika gari la kukodi kwa namna hii, wahusika ni watatu.

Wa kwanza ni muuzaji wa gari. Yeye ndiye aliyelileta, na yeye ndiye anayetoa dhamana. Dhamana ni ahadi ya kulitengeneza gari bila malipo kwa muda fulani au kwa kilomita fulani.

Wa pili ni kampuni ya fedha. Hii ndiyo iliyolinunua gari. Mpaka mmalize malipo, gari ni mali yake.

Wa tatu ni ninyi mnaolitumia. Mnalipa kodi, lakini gari bado si lenu.

Mara nyingi kampuni ya fedha husema, "Sisi tumetoa hela tu. Gari mlilichagua wenyewe. Likiwa bovu, mwoneni muuzaji." Na mikataba mingi imeandikwa hivyo. Basi msipojua mlango wa kubisha, mtazunguka kama mtu aliyepotea njia porini.

TUSIACHE KULIPA GHAFLA

Ndugu wa kwanza alisema tusilipe. Lakini mikataba mingi ya aina hii inasema kodi italipwa hata kama gari liko gereji. Mkiacha kulipa kimya kimya, ninyi ndio mnaoonekana mmevunja mkataba. Kampuni inaweza kulichukua gari, na malipo yenu ya kwanza yakapotea.

Njia bora ni kuiandikia kampuni ya fedha mara moja. Iambieni kasoro ya gari. Iombeni isogeze mbele tarehe ya malipo mpaka gari litengenezwe. Ikikubali, ikubali kwa maandishi. Isipokubali, lipeni kama mnaweza, lakini andikeni kwamba mnalipa bila kuacha madai yenu.

TUSIKIMBILIE FUNDI WA MTAANI

Ndugu wa pili alitaka kumwita fundi wa hapa hapa. Mafundi wetu ni hodari, hatuwadharau. Lakini gari lililo ndani ya dhamana kwa kawaida hutakiwa kufunguliwa na gereji ya muuzaji, au ile aliyoikubali. Fundi mwingine akishafungua injini, muuzaji anapata la kusema: "Ninyi ndio mlioliharibu."

Vile vile tusijifunge wenyewe. Kama karatasi za gari zinasema mzigo usizidi tani moja, tusipakie tani mbili. Kama kitabu cha gari kinataka oili ibadilishwe kwa kilomita fulani, ibadilishwe, na risiti itunzwe. Mwenye madai safi husikilizwa haraka.

TUSIVUMILIE KIMYA

Ndugu wa tatu alisema tuvumilie. Uvumilivu ni kitu kizuri, lakini si hapa.

Nchi yetu ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa. Sheria hiyo inataka bidhaa ilingane na maelezo ya muuzaji. Tena, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Isipofaa, mnunuzi anaweza kuikataa au kudai fidia. Lakini ukikaa nayo muda mrefu bila kusema kitu, sheria inakuhesabu kwamba umeikubali. Hapo huwezi tena kuirudisha. Unabaki na madai ya fidia tu.

Sheria hiyo ina ukoo mmoja na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Huko Uingereza, Desemba 1984, mtu mmoja alinunua gari jipya. Baada ya wiki tatu hivi, likiwa limetembea kama kilomita 225 tu, injini ilikufa barabarani. Kumbe tone la gundi la kiwandani lilikuwa limeziba njia ya oili. Mahakama ilikubali kwamba gari halikuwa zima. Lakini ilisema muda wa kulikataa ulikuwa umepita, akapewa fidia tu. Baadaye Waingereza walitunga sheria mpya ya mwaka 2015. Inampa mlaji siku 30 za kurudisha kitu kibovu.

Marekani nako walichoka na jambo hili. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya magari mapya mabovu. Gari likitengenezwa mara nne kwa kasoro ile ile bila kupona, au likikaa gereji jumla ya siku 30, mnunuzi ana haki ya kudai gari jingine au fedha zake.

Sheria yetu ya mauzo haikutaja siku 30. Inasema muda wa kufaa. Kwa hiyo dawa yetu ni moja: tuwahi kusema, na tuseme kwa maandishi.

KALAMU NI SPANA YETU

Maneno ya mdomo hupeperuka. Ukimpigia simu muuzaji, kesho anaweza kukana. Karatasi haikani. Hapa ndipo kisomo chetu kinapolipa.

Kwanza, tuwe na daftari la gari. Kila kasoro iandikwe siku ile ile, hivi:

Tarehe 3 Machi. Kilomita 640. Injini ilichemka. Gereji siku 4.

Tarehe 19 Machi. Kilomita 1,105. Injini ilichemka tena. Gereji siku 7.

Tarehe 8 Aprili. Kilomita 1,570. Ilizimika hifadhini. Gereji siku 10.

Sasa tupige hesabu. Siku 4 na 7 na 10 ni siku 21. Kodi ya mwezi ni shilingi 800,000. Tukigawa kwa siku 30, halafu tukizidisha kwa 21, tunapata shilingi 560,000. Hiyo ni kodi ya gari lililolala gereji. Kila mwanachama amepoteza shilingi 35,000, mbali na nyanya. Ukimwonyesha mtu hesabu kama hiyo, hawezi kusema unapiga kelele tu.

Pili, tuandike barua tangu kasoro ya kwanza. Ikirudia, tuandike tena. Huu ni mfano wa barua baada ya mara ya tatu:

Kikundi cha Wakulima,
Ulaya, Kilosa.
Tarehe 9 Aprili.

Kwa Meneja,

YAH: PIKAPU MPYA YENYE KASORO

Tulipokea pikapu hii kwenu tarehe 20 Februari. Injini imechemka mara mbili na imekaa gereji yenu siku 11. Jana imezimika tena njiani. Tulikuelezeni tangu mwanzo kwamba ni ya kubeba mazao.

Tunaomba muitengeneze ipone kabisa bila malipo, au mtupe nyingine, kabla ya tarehe 23 Aprili. Hatujaacha haki yetu ya kuikataa na kudai fidia.

Mwenyekiti na Katibu.

Nakala: Kampuni ya fedha.

Barua ikipelekwa, anayeipokea aweke saini na tarehe kwenye nakala yenu. Kila mara gari likitoka gereji, dai karatasi inayosema lilikuwa na nini na limefanywa nini.

Jambo moja zaidi. Kasoro ikiwa ya breki au usukani, msiliendeshe tena gari hilo hata kilomita moja.

WAKIKATAA, TWENDE WAPI?

Kama muuzaji hasikii, msichoke. Nendeni na daftari, mkataba, risiti na nakala za barua.

Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii awaonyeshe walipo wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kazi yao ni kuwasaidia wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa mambo ya mlaji iko Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza muuzaji kumdanganya mnunuzi. Kwa malalamiko juu ya kampuni ya fedha yenyewe, iko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hutoa leseni kwa kampuni za karadha. Yote yakishindikana, iko mahakama. Msaidizi wa kisheria atawaambia ni mahakama ipi inayofaa kwa kiasi mnachodai.

KABLA YA KUTIA SAINI

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kukodi gari, tusome mkataba pamoja, kifungu kwa kifungu, na tuulize:

1. Gari likiharibika, nani ana haki ya kumdai muuzaji? Kama si sisi, tuombe iandikwe kwamba ni sisi.
2. Likilala gereji, kodi inaendelea?
3. Dhamana ni ya muda gani, na gereji iko wapi? Je, iko karibu na Kilosa, au ni mpaka Dar es Salaam?
4. Tukichelewa kulipa, nini kitatokea?
5. Mwisho wa malipo, gari linakuwa letu?

Muuzaji akiahidi kitu kwa mdomo, tumwambie, "Bwana, tafadhali andika." Asipotaka kuandika, basi tumeshamjua.

Ndugu msomaji, zamani wengi wetu tulibonyeza dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Leo tunasoma. Tusome kabla, tuandike mapema, tutunze nakala. Gari bovu laweza kumpata yeyote, lakini mwenye daftari hapotezi haki yake kirahisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kuacha kulipa kodi bila kuandika barua?
2. Ukikaa na gari bovu muda mrefu bila kusema, unapoteza haki gani?
3. Andikeni barua yenu kuhusu kitu kibovu mlichowahi kununua.