Cheti cha Ndoa Si Pasipoti ya Italia

Swali ni lile lile, liwe limetoka Malindi, Watamu au Unguja: "Nikiolewa na Mwitaliano, pasipoti naipata lini?" Muulizaji huwa ameshapewa jibu mtaani: ukitia saini cheti cha ndoa, umekuwa raia. Si kweli, na imani hiyo inawaponza watu.

Zamani ilikuwa kweli. Kwa sheria ya mwaka 1912, mwanamke mgeni akiolewa na Mwitaliano alipata uraia papo hapo bila kuomba. Shangazi aliyeolewa mwaka 1975 na kupata uraia kwa ndoa hasemi uongo. Lakini utaratibu huo ulifutwa Aprili 1983. Anayekupa mfano wa shangazi anakushauri kwa sheria iliyokufa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Leo inatumika Sheria Namba 91 ya 1992. Ndoa inakupa haki ya kuomba, basi. Mkiishi Italia, unaomba baada ya miaka 2 ya kuishi huko kihalali tangu mfunge ndoa; mkiishi nje, baada ya miaka 3. Mkiwa na mtoto, muda unapungua nusu. Ndoa iliyofungwa Kenya au Tanzania ni lazima iandikishwe kwenye manispaa ya Italia. Unatakiwa uwe na hati ya polisi kuwa huna rekodi ya jinai, ada ya euro 250 na, tangu Desemba 2018, cheti cha lugha ya Kiitaliano cha kiwango cha kati, B1. Kisha unasubiri, pengine hadi miaka 3. Mkitalikiana au kutengana kisheria kabla ya uamuzi, ombi linaanguka. Uamuzi wenyewe hutoka kwa prefekti (mwakilishi wa serikali kuu mkoani) au Wizara ya Mambo ya Ndani huko Roma. Dalali anayemtoza binti wa watu fedha za "pasipoti ya ndoa" anauza asichokuwa nacho, na huo ni wizi.

Njia nyingine? Mkaazi halali kutoka nje ya Umoja wa Ulaya: miaka 10 mfululizo, awe na kipato; kura ya maoni ya Juni 2025 iliyotaka miaka hiyo iwe 5 ilikwama kwa uchache wa wapiga kura. Mkimbizi: miaka 5. Aliyezaliwa Italia na wazazi wageni akaishi huko kihalali bila kukatiza: atoe tamko akifikisha miaka 18, kabla ya kutimiza 19. Mzaliwa wa nje mwenye damu ya Kiitaliano: tangu 2025, kwa kawaida haki inaishia kwa mzazi, babu au bibi.

Faida ni kubwa: kuishi na kufanya kazi popote katika Umoja wa Ulaya, na kupiga kura. Mkenya habanwi, Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Italia kwa hiari anapoteza wa Tanzania, apime kwanza.

Umeshaolewa? Andikisha ndoa yako, anza darasa la Kiitaliano, na dalali usimpe hata senti.