Kusoma na Kusali Neno katika Jumuiya: Utangulizi

Kama umewahi kuketi kwenye mkeka wa jirani pale Gairo, watu watatu mkisoma Biblia moja, tayari umeingia katika elimu hii ya kusoma na kusali Neno, hata kama hakuna aliyekuambia kuwa ni elimu.

Ina historia yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya Novemba 18, 1965, ulitaka waamini wote wafunguliwe mlango wa Maandiko. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji wao. Ukaguruni, iliko Gairo, Neno lilikuwa limetangulia zamani: katika miaka ya 1880 mmisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, Joseph Last, aliishi Mamboya na kujifunza Kikaguru, na sarufi yake ya lugha hiyo ikachapwa mwaka 1886. Kwa hiyo Mkatoliki wa Gairo anaposoma Biblia na jirani yake Mwanglikana, wote wawili ni warithi wa historia hiyo.

Njia tutakayoifuata inatokana na Guigo II, mmonaki wa karne ya 12, aliyepanga ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini nayo ilitengeneza hatua saba zinazofaa kikundi, zenye kurudia maneno ya somo kwa sauti na kukaa kimya pamoja. Ngazi inayorukwa mara nyingi ni ile ya kwanza, kusoma. Somo likiisha tu, tunakimbilia kushirikishana, na kila mmoja anasema alilokuja nalo kutoka nyumbani.

Chukua Yohana 4, injili ya Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka A. Mwanamke Msamaria anakuja kisimani saa sita, na saa sita ya Yohana ndiyo saa sita yetu: jua la utosi. Mama aliyebeba ndoo kichwani miaka yote anajua uzito wa saa hiyo kuliko mimi niliyeisoma vitabuni, na ujuzi wake ni sehemu halali ya elimu hii. Lakini hapo hapo atatokea mtu aseme mwanamke huyu alikuja mchana kwa kuwa alikuwa malaya, akiwakwepa wenzake. Rudini kwenye mistari. Yohana anataja waume watano, na mwanamume wa sasa ambaye si mumewe. Hasemi waliokufa ni wangapi, wala waliomwacha ni wangapi. Hasemi alikuwa anamkwepa mtu. Hata neno la kumlaumu kutoka kinywani mwa Yesu halimo. Hayo mengine tumeyasikia kwenye mahubiri, tukayaongeza wenyewe, na kwa kuyaongeza tumewaumiza wajane na walioachika ambao wamo humo humo kwenye jumuiya zetu. Ndiyo maana nasema kusoma kwa makini ni tendo la upendo.

Ni mwanzo wa sala pia. Angalia nani aliyetangulia kuomba. Tumezoea kuja kwenye sala na nia zetu: mvua, ada, mgonjwa aliyelazwa. Hapa aliyechoka, mwenye kiu, asiye hata na chombo cha kutekea, ni Yesu. Yeye ndiye anayemwambia mwanamke ampe maji. Jumuiya ikiliona hilo, inaanza kuuliza Bwana anaomba nini kwetu wiki hii, na mara nyingi jibu lina jina la kaya fulani pale mtaani. Nia zetu bado zitatajwa, ila baada ya kusikiliza.

Huhitaji Kigiriki kuanza, wala cheti. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na huyo asiyejua aulizwe amesikia nini, kwa sababu mara nyingi anakumbuka mengi kuliko sisi tunaotegemea karatasi.

Sura ya kwanza inaanza na kisima hicho. Kabla ya kukutana, soma Yohana 4:1–42 yote, kwa sauti, mara mbili.