Hela ya Simu na Sheria Inayoilinda

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzi habari za mbolea wala viwavi. Tunazungumza juu ya hela ya simu.

Tuseme umeuza magunia kumi ya mahindi. Mnunuzi yuko mjini. Anabonyeza simu yake, nawe huku shambani unapata ujumbe kwamba hela imeingia. Hukuona noti hata moja, lakini mahindi unayapakia. Kwa nini unakubali? Ni kwa sababu ya uzuri wa simu? Hasha! Ni kwa sababu nyuma ya simu ipo sheria.

Tutazame Kenya. M-Pesa ilianza huko Machi 2007, na sheria ya malipo ya namna hiyo ilikuwa bado. Benki Kuu haikuikataza, wala haikuiacha ijiendee tu. Iliiruhusu kwa sharti: hela ya wateja iwekwe benki, mbali na hela ya kampuni. Maana yake, kila shilingi uionayo kwenye simu ina mwenzake benki, na kampuni haiwezi kuitumia kama mali yake. Mwishoni mwa 2008 watu waliingiwa na wasiwasi, Waziri wa Fedha akaagiza ukaguzi. Januari 2009 wananchi wakaambiwa mpango ni salama. Mwaka 2011 sheria kamili ikapitishwa.

Sasa njoo Tanzania. M-Pesa ilifika 2008, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikatungwa 2015. Lakini Julai 2021 ikaanza tozo ya kutuma na kutoa hela, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Simu ni zile zile, minara ni ile ile, lakini wapo waliorudia kubeba noti mfukoni. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Unaona, ndugu? Mtambo haukuharibika. Kilichobadilika ni kanuni.

Basi, nawe fanya haya. Kwanza, usitoe mazao kabla ya kutazama salio lako mwenyewe, maana ujumbe huweza kughushiwa. Pili, namba ya siri usimpe mtu, hata wakala. Tatu, ukidhulumiwa, usinyamaze. Peleka malalamiko kwa kampuni. Isipokusikiliza, nenda Benki Kuu. Sheria usiyoitumia ni kama jembe lililotundikwa ukutani: halilimi.