WASICHANA WETU WASEME

Msafiri atokaye Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita hupita katika nchi yenye mali nyingi. Huku iko almasi ya Mwadui, kule iko dhahabu ya Bulyanhulu na ya Geita. Lakini katika nchi hiyohiyo uko upotevu mkubwa kuliko wa madini. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga, kama ulivyokuwa wakati huo, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Mahakama zimesema neno lake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuozwa akiwa na miaka 15 au hata 14, vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Hata hivyo, hakimu hayupo uani siku ng'ombe wa mahari wanapohesabiwa, wala hayupo kando ya maduara ya wachimbaji wakati mwenye fedha anapomwita binti auzaye maji. Hapo aliyepo ni msichana mwenyewe. Je, tumemfundisha kusema?

Njia moja ya kumfundisha ilibuniwa hapahapa nchini. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango uitwao Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hukaa pamoja, hutaja mambo yanayowazuia kusoma, huchunguza chanzo chake, kisha huyatungia mchezo wenye ngoma na nyimbo. Mchezo ukiisha watazamaji hawatawanyiki, bali hujadiliana nini kifanywe na nani akifanye. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Wako wazee wanaonung'unika kwamba haya ni kuwafundisha mabinti utovu wa adabu. Sisi hatukubali. Usukuma ni nchi ya Bagika na Bagalu, ambako watunzi wa ngoma hushindana kwa maneno mbele ya umati, wala hakuna anayesema wamewakosea wazee heshima. Nacho Chama chetu kisisahau asili yake. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuingia TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam. Sauti aliyoizoeza ngomani ndiyo iliyowakusanya wanawake kudai uhuru.

Yatupasa pia tujisahihishe wenyewe. Mgeni wa Chama akija tawini, wasichana hupangwa mstari wakaimba. Lakini nani ametunga nyimbo hizo? Mara nyingi ni sisi wakubwa. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka michezo ya Krismasi: maneno yalikuwa ya padre, nasi tukayakariri. Tulijifunza kutamka vizuri, lakini hakuna aliyetuuliza tunawaza nini. Tusiwafanyie hivyo binti zetu.

Basi tunashauri hivi. Kila tawi lenye ofisi liwafungulie wasichana mlango alasiri moja kwa juma, liwape madaftari na mwalimu wa kike wanayemwamini. Waandike kwanza kila mtu peke yake: mimi ni nani, nataka kuwa nani, nani ananizuia. Daftari la mtu lisisomwe bila idhini yake. Msichana asilazimishwe kusimulia msiba wake hadharani. Mchezo utumie jina la kubuni, ili aliyeumizwa aseme bila kuaibishwa. Na siku ya kuonyesha, viongozi wa tawi wakae mbele, wasikilize hadi mwisho, kisha wajibu waliyoulizwa.

Ndugu mfanyakazi wa mgodini, wewe wajua kwamba dhahabu haijitokezi yenyewe juu ya ardhi. Sharti ichimbwe kwa subira. Binti yako naye ana neno moyoni. Akikuletea daftari jioni, usimwambie akapike kwanza. Keti, usikilize.